Mkono unaowaka moto baada ya upasuaji wa kidole gumba

"Daktari, habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 58, fundi cherehani hapa Moshi. Kwa miaka kama minne shina la kidole gumba cha mkono wa kulia lilikuwa linaniuma, nikaambiwa limesagika. Wiki 11 zilizopita nilifanyiwa upasuaji: walitoa kimfupa kimoja, nafasi wakaijaza kwa kano waliyoitoa kwenye mkono huohuo. Nilikaa na plasta ngumu wiki nne, ilipotolewa nikapewa banzi na kuambiwa nirudi baada ya miezi mitatu. Sasa mgongo wa kidole gumba umekufa ganzi, na nikigusa pembeni ya kovu napigwa shoti mpaka kwenye ukucha. Tangu wiki tatu zilizopita mkono wote unavimba. Mara unakuwa mwekundu na wa moto, mara unakuwa wa bluu na baridi, unatoka jasho wenyewe, ngozi inang'aa. Vidole havifungi ngumi. Usiku hata shuka likinigusa siwezi kuvumilia. Nimeutundika kwa kanga shingoni ili upumzike. Mwanangu ameangalia picha ya eksirei anasema pana pengo pale chini ya kidole, na mimi naona kidole kimekuwa kifupi. Jirani anasema baridi imeingia kwenye kidonda, na kuna mama anayechua kwa mafuta ya moto ameahidi kuja Jumamosi. Je, waliniharibu? Nirudiwe upasuaji? Kidole cha kushoto nacho kimeanza kuuma, nikifanyie nini?"

Shikamoo mama, na pole sana. Fundi cherehani akiumwa kidole gumba cha kulia ameumwa kazi yenyewe, kwa hiyo naelewa wasiwasi wako. Nami nina haraka na mkono wako, ila si kwa sababu zinazokutisha wewe. Pengo la kwenye picha halinitishi, wala ufupi wa kidole. Kinachonifanya nikuombe uende hospitali wiki hii hii, bila kungoja tarehe uliyopewa, ni mkono unaobadilika rangi, unaotoka jasho na usiovumilia hata shuka. Na yule mama wa mafuta ya moto, mwambie kwa heshima asije Jumamosi.

Ulichonieleza si tatizo moja. Umekipokea kama kitu kimoja kwa sababu vyote vimetokea kwenye mkono mmoja na baada ya kisu kimoja, lakini humo ndani kuna mambo ambayo ni upasuaji wenyewe, kuna neva, yaani mshipa wa fahamu, iliyosumbuliwa, na kuna hali ya tatu ambayo ikiwahiwa hutulia na ikiachwa huota mizizi. Tuvitenganishe.

Nianze na pengo, maana ndilo linalokunyima usingizi kuliko linavyostahili. Chini kabisa ya kidole gumba, karibu na kifundo cha mkono, kuna kimfupa kinachoitwa trapeziamu. Mfupa wa kiganja unaobeba kidole gumba umekaa juu yake kama tandiko kwenye mgongo wa punda: unakwenda mbele na nyuma, unakwenda pembeni, na ndiyo maana kidole gumba peke yake kinaweza kuvifikia vidole vingine vyote vinne. Uhuru huo una gharama yake. Kiungo hakina ukuta wa mfupa wa kukizuia, kinategemea kamba zinazokizunguka, na mzigo wake ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Mahesabu yaliyochapishwa Marekani mwaka 1977 yalionyesha kwamba ukibana kitu kwa ncha za vidole kwa nguvu ya kilo 1, kiungo cha shinani kinabebeshwa kama kilo 12. Sasa piga picha ya mkasi mzito unaopita kwenye kitenge kilichokunjwa mara nne. Ongeza mwiko wa ugali, ongeza kumenya ndizi za mtori, kufua kwa mkono na kukamua mashuka. Fanya hivyo miaka thelathini. Gegedu linalofunika ncha za mifupa linaisha, mfupa unabaki kusugua mfupa. Wanawake waliopita ukomo wa hedhi ndio wanaopatwa zaidi, na si wote waliofanya kazi nzito. Wengine ni maumbile tu na urithi.

Upasuaji uliofanyiwa huondoa msuguano huo kwa kuutoa mfupa mmoja kati ya miwili inayosuguana. Daktari Mwingereza aitwaye Gervis aliuandika mwaka 1949, na mpaka leo ndio upasuaji unaotumika sana kwa kiungo hicho. Mwaka 1986 Wamarekani wawili, Burton na Pellegrini, wakaeleza namna ya kuchukua sehemu ya kano ya mkono, kuitumia kuushikilia mfupa wa kidole gumba na kuikunja ijaze nafasi iliyobaki. Ndivyo ulivyofanyiwa wewe. Kano haionekani kwenye eksirei, wala kovu la ndani linaloota pale halionekani. Eksirei inaonyesha mfupa, na mfupa ulitolewa. Kwa hiyo mwanao ameona sawasawa, pengo lipo, na lingekosekana ndipo ningeshangaa. Kidole nacho hushuka kidogo kuelekea kwenye nafasi hiyo, ndiyo sababu unakiona kifupi. Watu waliofuatiliwa kwa miaka baada ya upasuaji huu, kiasi cha kushuka kwa mfupa hakikuendana sana na kiasi cha maumivu yao. Wengi kidole kilishuka na wanaendelea na maisha bila kuumwa.

Nikuambie ukweli mwingine ambao wagonjwa wengi hawaambiwi. Utafiti uliolinganisha kutoa mfupa tu na kutoa mfupa kisha kujaza kano haujaonyesha kwamba kujaza kano kunapunguza maumivu zaidi, na matatizo madogomadogo huwa mengi kidogo pale kano inapotumika. Si kosa kuitumia. Mabingwa wengi wazuri wanaitumia hadi leo na wana sababu zao. Ila kama unahisi kuvuta au kuuma kwenye mkono upande wa ndani, juu ya kifundo, huko ndiko kano ilikotoka, na huchukua miezi kadhaa kutulia.

Vilevile wiki 11 ni mapema kwa upasuaji huu. Najua umeona ni karne. Kidonda cha nje hupona ndani ya wiki mbili tatu na macho yakadhani kazi imekwisha, wakati ndani kovu bado laini. Kwa kawaida maumivu ya kazi hupungua kati ya mwezi wa tatu na wa sita, na nguvu ya kubana huendelea kurudi mpaka mwaka mzima, wakati mwingine bila kufika ilipokuwa ujanani. Ungeniandikia kwamba huwezi kufungua kifuniko cha chupa na kidole kinauma jioni, ningekujibu kwa mistari mitatu na kukutakia subira.

Sasa ganzi na ile shoti. Mgongo wa kidole gumba hupata hisia kutoka kwenye tawi jembamba la neva linalopita juujuu, chini tu ya ngozi, likikatiza mahali hasa ambapo kisu kinapita. Bingwa hulitafuta na kulisogeza pembeni kwa ndoano ndogo, na hapo huweza kuvutika hata mikono iwe mahiri namna gani. Neva iliyovutika hulala kwa wiki au miezi, kisha huamka yenyewe. Iliyoumia zaidi hulazimika kuota upya, na neva huota kwa mwendo wa kama milimita 1 kwa siku, yaani sentimita 3 hivi kwa mwezi. Kuna njia rahisi ya kujua inakoelekea. Gonga polepole kwa ncha ya kidole kuanzia kwenye kovu kuelekea kwenye ukucha, utafute mahali shoti inapoanzia, upatie alama kwa kalamu. Ikiwa baada ya mwezi mahali hapo pamesogea mbele kuelekea ukucha, neva inaota. Ikiwa pamebaki palepale kwenye kovu, panauma kama sindano, na chini yake unahisi kijivimbe kama punje, huenda neva ilikatika na ncha yake imejikunja, na hiyo inahitaji macho ya bingwa. Usifanye jaribio hili sasa kama mkono hauguswi. Mwachie daktari alifanye.

Kwa hilo tu nisingekukimbiza. Kinachonikimbiza ni wiki hizi tatu za mwisho.

Mkono mzima kuvimba wakati upasuaji ulikuwa wa kidole kimoja. Rangi na joto kubadilikabadilika, jasho lisilo na sababu, ngozi kung'aa, vidole ambavyo havikuguswa na kisu kukataa kukunja, na maumivu ambayo hayalingani na kinachoyaleta: shuka tu kumgusa mtu kunamliza. Haya yakikusanyika mahali pamoja baada ya kuvunjika au kupasuliwa mkono, kila mtaalamu wa mikono anafikiria hali ambayo kwa kifupi inaitwa CRPS. Ni hali ya maumivu ambamo mfumo wa neva unabaki katika tahadhari wakati jeraha limekwisha kupona. Neva ndogo zinaendelea kumwaga kemikali za uvimbe, mishipa ya damu inafunguka na kufunga bila mpangilio, ndipo unapata wekundu kisha ubluu. Tezi za jasho zinaamrishwa ovyo. Na ubongo, uliopokea taarifa za maumivu siku nyingi, unaanza kusoma mguso wa kawaida kuwa hatari. Wagonjwa wengine huniambia mkono umekuwa mgeni, hawauoni kuwa wao. Nao ubongo kwa kweli umebadilisha namna unavyouchora mkono huo.

Nataka uelewe kwamba si mawazo yako, si uoga wa maumivu, na wala hujarogwa, nikijua kwamba hilo nalo utakuwa umeshaambiwa. Paul Sudeck, daktari wa Ujerumani, aliielezea hali hii tangu mwaka 1900, akaonyesha kwamba hata mifupa ya mkono wa namna hii hupungua madini. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na mkono zaidi kuliko mguu. Hutokea hata pale upasuaji ulipokwenda vizuri kabisa. Kwa hiyo ukiniuliza kama waliharibu, kwa ulivyoniandikia sioni dalili ya kuharibu. Nina lawama moja tu, nayo ni ya kukuacha wiki saba nyumbani na banzi bila kukuelekeza kwa mtu wa mazoezi. Upasuaji wa mkono ni nusu ya kazi. Ningependa kila mgonjwa atoke wodini akiwa na tarehe ya mazoezi kabla ya tarehe ya kuja kuonwa na daktari.

Sijakuona, kwa hiyo sikupi hukumu. Hakuna kipimo cha damu wala picha kinachothibitisha CRPS. Hutambuliwa kwa kusikiliza, kuangalia na kugusa, kwa vigezo ambavyo wataalamu walivikubali walipokutana Budapest. Daktari ataweka mikono yako miwili mezani pamoja, atalinganisha joto kwa mgongo wa kiganja chake, rangi ya kucha, mikunjo ya ngozi, mahali vidole vinapofikia unapojaribu kufunga ngumi. Na kabla ya kuiita CRPS lazima aondoe vingine vinavyofanana nayo. Maambukizi ya ndani kwanza: kama una homa, kidonda kinatoa majimaji au usaha, au wekundu unapanda mkono kwa saa chache, hiyo si ya kliniki ya wiki hii, ni ya dharura ya leo. Kama mkono wote mpaka begani umevimba ghafla, damu iliyoganda kwenye mshipa inabidi iangaliwe, nayo ni ya leo. Banzi linaweza kuwa linabana. Na kama ganzi iko pia upande wa kiganja, kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, na inakuamsha usiku, basi neva nyingine inabanwa pale kifundoni, tatizo ambalo lina tiba yake na likiachwa huchochea hili kubwa. Sukari nayo ipimwe. Hukuitaja, lakini kisukari kisichojulikana huchelewesha kila kitu mkononi.

Hapo ulipo uko mahali pazuri kuliko wasomaji wangu wengi. Hospitali ya rufaa ya KCMC ina madaktari bingwa wa mifupa, ina mazoezi tiba, ina tiba kwa vitendo, na hapohapo kuna TATCOT, chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi, kwa hiyo banzi lisilokukaa vizuri linaweza kurekebishwa na anayelijua. Ukianzia hospitali ya Mawenzi ni sawa pia, ilimradi uombe rufaa ya mkono kwa mtu wa mazoezi siku hiyohiyo. Anayenisoma akiwa Arusha aanzie hospitali ya Mount Meru au ya ALMC. Beba picha za eksirei za kabla na baada, karatasi ya upasuaji kama unayo, na banzi. Kama wiki hii kuna saa mkono unapobadilika rangi, mwambie mwanao aupige picha kwa simu, mikono yote miwili pamoja, kwenye mwanga wa mchana. Rangi hizi zina tabia ya kukimbia ukiingia tu kwa daktari, na picha tatu nne zitakuokoa na kuambiwa "mbona mkono uko sawa".

Sasa kanga ya shingoni. Nakuomba uivue, na najua ninakuomba jambo gumu. Ukiuma, mtu huuficha mkono. Ni silika na hakuna wa kukulaumu. Lakini katika hali hii kutulia ndiko kunakoilisha. Mkono usiosogea hukusanya maji, viungo hukakamaa, mifupa hupungua madini, na ubongo unazidi kuamini kwamba mkono ni hatari usiguswe. Kanga pia inauweka mkono chini ya moyo na kiwiko kimekunjwa siku nzima, maji hayapandi. Ukikaa, uweke juu ya mto, kiganja juu kidogo ya moyo. Ukitembea, utembee ukiwa huru. Bega na kiwiko visogezwe mpaka mwisho mara kadhaa kwa siku, maana begani nako kukikakamaa utakuwa na ugonjwa wa pili.

Upande wa pili wa kosa hilohilo ni kuchua. Mtu akikukandamiza kwa nguvu na mafuta ya moto juu ya neva iliyoumia na kovu ambalo bado laini, anaupa ubongo ushahidi mpya kwamba mkono uko hatarini. Nimeona mikono iliyokuwa inaanza kutulia ikirudi nyuma mwezi mzima kwa mchuo mmoja wa nia njema. Na ngozi yenye ganzi haijui moto: mafuta yatakuunguza na utajua ukiona lengelenge. Kukandwa kwa nguvu na kulazimishwa vidole kukunja, hata na mtu aliyevaa koti jeupe, vikatae. Mazoezi sahihi ya hali hii yanaweza kuuma kidogo wakati wa kuyafanya, lakini maumivu yarudi yalipokuwa ndani ya nusu saa hivi. Yakibaki juu mpaka kesho yake, kiasi kilikuwa kikubwa, punguza, usiache.

Kabla hujaonwa, unaweza kuanza na haya, na daktari akikuambia tofauti mfuate yeye aliyekuona. Sogeza vidole vinne kukunja na kunyoosha, polepole, mara kumi hivi, kila saa unapokuwa macho. Kidole gumba kiguse ncha ya kidole cha shahada, kisha cha kati, kinapoweza kufika. Usibane kitu, usinyanyue ndoo wala sufuria. Kisha uzoeshe ngozi kuguswa. Anza na pamba, mbali na mahali panapouma, ukisogea taratibu kuelekea kwenye kovu, dakika mbili tatu, mara kadhaa kwa siku, huku ukiangalia mkono kwa macho yako ili ubongo uone kwamba ni pamba tu. Pamba ikivumilika, nenda kwenye kanga iliyofuliwa ikalainika, halafu kitenge kipya, halafu taulo. Wewe una kabati la vitambaa vya kila aina, vipande vya kwenye meza yako ya kukatia vinatosha kabisa. Baadaye uingize mkono kwenye bakuli la mchele mkavu na kuuzungusha humo, kisha maharage. Kuna pia zoezi la kioo: mkono mbovu unakaa nyuma ya kioo usiuone, mzima unasogea mbele yake, na macho yanaona kama mkono mbovu unasogea bila kuumwa. Linaonekana mchezo wa watoto lakini linasaidia baadhi ya watu sana, ila lianze na mtaalamu kukaa nawe.

Kuhusu baridi ya jirani yako: haijaingia kwenye kidonda, haina pa kuingilia. Ila hajakosea kabisa, kwa sababu neva iliyoumia huhisi baridi kuwa maumivu, na Moshi ya Juni na Julai si ya kuchezea. Vaa glavu laini ya sufi isiyobana. Usitumie barafu, usitumie maji ya moto. Bangili na pete za mkono huo zivue kabla uvimbe haujazinasa.

Dawa zina nafasi yake, lakini hazifanyi kazi bila mazoezi. Parasetamoli unaweza kumeza kwa kipimo cha kwenye pakiti. Diklofenaki na jamaa zake, kama una presha, vidonda vya tumbo au figo, usizinunue duka la dawa bila ushauri. Na hata ukizivumilia, maumivu ya neva hayazisikilizi sana. Kwa haya ya kuungua na shoti daktari huweza kukuandikia amitriptilini kwa dozi ndogo usiku, au gabapentini. Zote zinaleta usingizi na kizunguzungu siku za mwanzo, huanza chini na kupandishwa, na hupimwa kwa wiki, si kwa siku mbili. Kwa CRPS changa, yenye uvimbe na joto kama yako, wengine hutoa vidonge vya steroidi kwa muda mfupi, na hapo ndipo kupima sukari kwanza kunakuwa lazima. Kuna dawa za mifupa na sindano za kufa ganzi kwa neva, ambazo huwekwa akiba kwa hali sugu. Ushahidi wa zote hizi si mkubwa kama ningependa. Kilicho na makubaliano mapana ni kuwahi, kusogeza, na kumweleza mgonjwa kinachoendelea ili asiuogope mkono wake. Ikiwahiwa, watu wengi hupata nafuu kubwa ndani ya mwaka wa kwanza, ingawa wapo wanaobaki na ukakamavu au kuumwa baridi ikizidi. Siwezi kukuahidi uko kundi gani. Naweza kukuambia kwamba wiki ya tatu ni bora mara nyingi kuliko mwezi wa nane.

Kurudia upasuaji, mama, sasa hivi hapana. Kuukata mkono ambao CRPS inawaka ni kuchochea moto, na bingwa yeyote mwangalifu atakuambia utulie kwanza. Baadaye, kama miezi sita hadi mwaka imepita, mkono umetulia, mazoezi yamefanyika kweli, na bado pana maumivu mahali pamoja panapoonyeshwa kwa kidole kimoja, hapo kuna ya kuzungumza: ncha ya neva iliyojikunja kwenye kovu, mfupa wa kidole ulioshuka ukagusana na jirani yake, kiungo cha pili kando ya kilichotolewa ambacho nacho kimesagika, au kifundo cha katikati ya kidole kinachopinda kwa nyuma kila unapobana. Hilo la mwisho waweza kuliangalia mwenyewe siku ukiruhusiwa kubana: kidole gumba kinaposhika kadi kinatakiwa kutengeneza duara na kidole cha shahada, kikivunjika kwa nyuma katikati, mwonyeshe mtaalamu mapema, maana kinaweza kushikiliwa kwa kibanzi kidogo kabla hakijawa cha kisu. Upasuaji wa marudio hautabiriki kama wa kwanza, kwa hiyo pasipokuwa na sababu inayoonekana, usikubali kwa sababu tu ya kukata tamaa.

Cherehani usiuze. Kukanyaga na kuongoza kitambaa kwa viganja vilivyo wazi huja mapema, huenda mwanzo wa mwezi wa nne au wa tano ukiruhusiwa, kwa vipindi vifupi. Mkasi ndio utakaochelewa kuliko vyote. Tafuta mtu wa kukukatia, na ukianza, tumia mkasi mwepesi ulionolewa wenye mashimo mapana, kitambaa safu moja.

Kidole cha kushoto kisipasuliwe sasa, hata ukipewa nafasi. Mkono wa kulia utulie kwanza, na ukienda kwa upasuaji wowote wa mkono siku za mbele, mwambie bingwa na mtu wa nusukaputi kwamba hili lilikupata. Kwa sasa banzi laini la kushika shina la kidole wakati wa kazi, vipini vinene kwa kuzungushia kitambaa kwenye mwiko na kisu, na kubeba sufuria kwa viganja viwili badala ya kubana ukingo wake. Wengi wanaishi miaka na kidole kilichosagika bila kupasuliwa, wakifika kwa kisu pale tu banzi, dawa na pengine sindano ya kiungo vimeshindwa. Sindano ya steroidi kwenye kiungo hicho husaidia baadhi ya watu kwa wiki au miezi, hairudishi gegedu, na wewe nisingependa uchomwe hata huo wa kushoto kabla wa kulia haujaonwa.